Tanzia Niliyomwandikia Mtu Aliye Hai

Wanangu wa mitandaoni, mwezi uliopita mliniita ukumbini hapa Tunduma niwape siri za mafanikio za bloga mstaafu. Mkanivika kitambulisho shingoni, mkanipa maji ya chupa na kiti kilichovalishwa kitambaa cheupe kama bibi harusi, nami nikawadanganya saa nzima. Nilisema nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kila siku. Nilisema nilikuwa na maono. Mkapiga makofi, mkaandika. Binti mmoja wa mstari wa mbele aliandika hata nilipokohoa.

Mlinisikitisha, lakini nilijisikitikia zaidi mimi mwenyewe. Kwa hiyo leo nimekaa nyumbani, Mama Neema anachambua maharage pembeni yangu, hakuna anayenipiga picha, nami nitawaambia kazi ilivyokuwa.

Kwanza, hapakuwa na maono. Nilikuwa karani, najaza fomu za malori kwenye ofisi moja ya mawakala wa forodha, karibu kabisa na mpaka wa Zambia. Madereva walikuwa wananiuliza maswali yaleyale kutwa: foleni imefika wapi, kwacha inabadilishwaje leo, ofisi ya upande wa pili imefunguliwa au wamekwenda kula. Nikachoka kujibu. Mtu mmoja akaniambia kuna kitu kinaitwa blogu, unaandika mara moja wanasoma wote. Basi. Nilitaka kupumzisha mdomo.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Bi Zubeda. Huyu alikuja Tunduma kutoka Kigoma kumfuata mumewe aliyekuwa msafirishaji, akafungua kafe ya intaneti kando ya barabara kuu. Kafe ilikuwa na kompyuta sita, mbili zikiwa zinafanya kazi. Alikuwa anajifunga ushungi wake barabara, anavaa miwani ya kusomea, halafu anasimama nyuma ya kiti changu kama msimamizi wa mtihani.

"Baba Neema, hapa umeandika foleni imefika kijiji cha Mpemba. Umeiona?"

"Nimeambiwa, Bi Zubeda."

"Na nani?"

"Na dereva."

"Dereva mwenyewe yuko mbele ya foleni au nyuma?"

Sikujua. Akanitoa kwenye kiti, nikaenda kwa miguu mpaka nilipoona mkia wa foleni, nikarudi viatu vimejaa vumbi. Haikuwa imefika Mpemba wala karibu yake. Yule dereva alikuwa amesinzia kwenye usukani, akadhani amesimama muda mrefu kuliko alivyosimama.

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Mtu akikupa habari, uliza alikuwa amesimama wapi alipoiona. Ukimwandika mtu, mpigie mwenyewe kwanza, halafu mpigie mtu asiyempenda. Bi Zubeda hakuwa na chuo cha habari. Alikuwa na kiti cha plastiki na swali moja: "Umempigia?"

Blogu ikashika. Madereva wakawa wanaifungua kabla ya kupiga mswaki. Wenye nyumba za wageni na maduka ya vipuri wakaomba matangazo. Nikaacha ukarani, nikapanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, nikabandika mlangoni kibao: Mkurugenzi Mtendaji. Nilimwongoza nani? Nilijiongoza mimi, na mara nyingine nilikuwa mtumishi mkaidi.

Hapo ndipo ugonjwa uliponiingia. Niligundua kwamba nikiandika foleni, wanasoma madereva. Lakini nikiandika "Mambo Matano ya Mume Bora", wanasoma madereva, wake zao, wachumba zao na mashemeji. Nikahama kutoka barabarani nikaingia kwenye mioyo ya watu. Nikawa mtaalamu wa ndoa, wa malezi, wa kujitambua. Leo mnaita maendeleo binafsi. Mimi binafsi sikuwa nimeendelea popote.

Siku moja niliandika makala ndefu kuhusu kuzima simu wakati wa chakula cha familia. Niliiandika wakati wa chakula cha familia. Mama Neema alinisogezea bakuli la mboga mara tatu. Jumapili yake aliporudi kanisani, maana yeye ni mtoto wa wakulima wa kahawa wa kule Mbozi Mission na kwaya hakosi, aliweka kitenge chake kitandani akasema taratibu:

"Akina mama wenzangu wameisoma ile ya simu. Wananiuliza siri ya ndoa yetu."

"Ukawaambiaje?"

"Nimewaambia wakuulize wewe. Mimi sijawahi kuiona hiyo ndoa, naisoma tu kama wao."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kesho yake, Mungu anisamehe, nikaandika makala kuhusu umuhimu wa kumsikiliza mwenzi wako.

Sasa nifike kwa Jophrey.

Jophrey alikuwa dereva wa lori la kwenda Kongo, kijana wa Galula, mcheshi, mwenye pengo la jino la mbele. Nilikuwa namfahamu kwa kuwa niliwahi kumpiga picha kwenye foleni akikaanga mayai chini ya trela. Mbele ya lori lake aliandika kwa rangi nyekundu: ASANTE MAMA.

Asubuhi moja ikaja picha kwenye kundi letu la WhatsApp. Lori limelala mtaroni upande wa Zambia, kichwa kimebonyea, na kwenye bampa maandishi yanasomeka vizuri kabisa: ASANTE MAMA. Chini yake mtu ameandika, "Dereva hajapona." Moyo ulinipasuka. Ningependa mdhani ulipasuka kwa huzuni. Ulipasuka kwa sababu niliona kwamba bado hakuna bloga mwingine aliyeitoa.

Nilitafuta ile picha ya mayai, nikakata mayai, nikabakiza uso unaotabasamu. Nikaandika. Nusu saa tu nikawa nimemaliza. Siku hizi mnaiambia akili mnemba iwaandikie tanzia kwa nusu dakika, lakini wakati wetu uongo tulikuwa tunautengeneza kwa mikono. Kichwa cha habari: "Tanzia: Mafunzo Matano Kutoka Maisha ya Shujaa wa Barabara."

Kabla sijaituma, Bi Zubeda akapita kuelekea mashineni na mahindi yake. Akachungulia.

"Innalillahi. Huyu si yule wa pengo? Umempigia?"

"Nimempigia. Hapatikani."

Sikuwa nimempigia. Namba yake nilikuwa nayo, na simu ilikuwa mkononi mwangu. Bi Zubeda akatikisa kichwa kwa majonzi, akaenda zake. Nikabonyeza.

Wanangu, siku ile blogu yangu ilisomwa kuliko siku nyingine yoyote. Watu walilia mle ndani kama mvua. Watu wasiomjua Jophrey waliandika kwamba hawatamsahau. Nikawa najibu mmojammoja, "Tuko pamoja katika kipindi hiki kigumu," huku nakula mihogo.

Kesho yake asubuhi nilikuwa ofisini, mashine ya kusaga inanguruma, mlango ukagongwa. Nikasema karibu. Akaingia Jophrey.

Sitawadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilishika kiti kwa mikono miwili nikakiweka kati yangu na yeye.

"Baba Neema," akasema, "mimi nimekufa lini?"

"Jophrey... umetoka wapi?"

"Nakonde, ng'ambo hapo! Niko yadi pale siku ya nne nasubiri karatasi za mzigo. Nimekaa nakula nshima yangu, ugali wao ule, mbadilisha fedha mmoja Mzambia ananitazama, anatazama simu, ananitazama. Ananiambia, 'Mukwai, bwana, wewe si umekufa jana?' Akanionyesha. Nimejisoma mwenyewe! Nimesoma maneno yangu ya mwisho!"

Kumbe malori yenye maandishi yale yalikuwa mengi barabarani, kila dereva na mama yake. Lile la kwenye picha lilikuwa la mtu mwingine kabisa, na hata huyo hakufa. Alivunjika mguu, akapona. Nilikuwa nimeua mtu kwenye ajali ambayo haikuua mtu.

"Mbona simu yako haikupatikana?" nikauliza, nikitafuta pa kushikilia.

"Imeibiwa jana saa saba mchana. Asubuhi yote ilikuwa hewani. Ulinipigia saa ngapi?"

Nikaangalia sakafu. Ilikuwa chafu.

Lakini hilo halikuwa ndilo lililomleta. Mwalimu mmoja wa Galula alikuwa ameiona tanzia jana ile jioni, akaipeleka nyumbani kwa mama yake Jophrey. Wakapiga simu ya Jophrey, haipatikani. Hapo wakawa na uhakika, msiba ukaanza. Mama yake alikuwa na presha. Jophrey aliazima simu ya Kizambia akampigia baba yake mdogo, na huyo mzee, kwa kuwa matapeli wana tabia ya kuwapigia wafiwa, alimjibu, "Sauti hiyo tunayo hapa tunaililia. Tafuta wengine wa kuwaibia," akakata. Alipopiga tena, walizima.

"Twende," Jophrey akasema. "Mimi peke yangu hawataniamini. Wewe ndiye uliyeniua, wewe ndiye utakayenifufua."

Tukapanda basi mpaka Mbalizi, na pale tukachukua pikipiki, watu watatu mshikaki: dereva wa bodaboda mbele, marehemu katikati, mimi nyuma. Njia ya kwenda Galula inateremka bondeni, joto linakupokea kama mtu amefungua sufuria. Njia nzima Jophrey alisema neno moja tu. Alisema, "Presha." Kisha baada ya kilima kingine, akalisema tena. Nikaanza kuelewa kwamba tanzia moja ya kweli inaweza kuzaliwa na ile ya uongo, na hiyo nitakuwa nimeiandika mimi vilevile.

Tulipofika, turubai lilikuwa limesimama. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatoka kisimani alimwona Jophrey, akatua ndoo taratibu, akakimbia kurudi alikotoka. Wanaume wakasimama wote. Baba mdogo akamzunguka Jophrey, akamtazama miguu, akamshika pua, halafu akaamuru aletewe ugali. Jophrey akala tonge tatu mbele ya halaiki, anatafuna huku machozi yanamtoka. Ndipo vigelegele vilipolipuka.

Pembeni ya turubai niliona ngozi ya ng'ombe imetandazwa kwenye jua. Alikuwa maksai mmoja kati ya wawili wa kulimia, amechinjwa kwa ajili ya msiba, na mvua zilikuwa zinakaribia.

Mama yake alikuwa ndani kwenye mkeka, amezungukwa na wanawake. Hakuinuka. Alimtazama mwanawe muda mrefu, akamwita kwa kidole, Jophrey akapiga magoti. Akamzaba kibao. Halafu akamvuta kichwa akakibana kifuani, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuweza kuiandika, na nimejaribu.

Alipotulia akauliza, "Nani aliyesema umekufa?"

Jophrey akanielekeza.

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani. Mitambo, changamoto za mtandao, taarifa za awali. Mama akanyanyua mkono.

"Mimi sijui kusoma. Niliambiwa tu umeandika mengi. Soma."

"Mama, naomba radhi, haina haja tena..."

"Uliwasomea dunia nzima. Mimi nisisikie?"

Wakaja wote. Wanawake mbele, wanaume mlangoni na madirishani. Nikatoa simu, nikaifungua ile tanzia.

"Tanzia. Mafunzo Matano Kutoka Maisha ya Shujaa wa Barabara."

"Shujaa alipigana na nani?" mama akauliza.

"Ni namna ya kusema, mama."

"Endelea."

"La kwanza. Jophrey alikuwa mtu wa kujali muda. Hakuwahi kuchelewa popote."

Kwenye dirisha baba mdogo akakohoa. "Huyu? Harusini kwake tulianza kula bila yeye."

Mtu akacheka, akanyamazishwa. Hakuna aliyekuwa na hakika kama msiba umekwisha.

"La pili. Alimpenda mama yake kuliko kitu chochote. Haukupita mwezi bila kufika nyumbani kumjulia hali."

Mama akamgeukia mwanawe. "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Rudia tena."

Nikarudia mara ya tatu.

"Mwaka wa tatu huu," mama akasema, "sijauona hata unyayo wake." Akawaeleza wazee wenzake kwa Kisafwa, nao wakaguna kwa pamoja. Jophrey alikuwa ameinamisha uso. Yeye alikuja akiwa mshitaki, sasa tulikuwa washitakiwa wawili.

Nikaruka la tatu na la nne kwa haraka. Nikafika la tano. "Maneno yake ya mwisho kwa rafiki zake yalikuwa haya: Msikate tamaa, safari bado ndefu."

"Ulikuwepo akisema?"

"Hapana, mama."

"Nani alikuwepo?"

"Hakuna."

"Wewe mwanaume mzima," akasema, wala hakupaza sauti, "uliketi peke yako ukamtungia mwanangu maneno ya kufia?"

Nimewahi kutukanwa na watu wengi mtandaoni, kwa herufi kubwa. Hakuna tusi lililonifika kama swali lile. Nilisema ndiyo. Ndilo jambo la kweli pekee nililosema tangu nibonyeze ile tanzia.

Mama akamshika Jophrey sikio kama mtoto wa darasa la pili. "Huyu mwongo kakuandika vizuri kuliko ulivyo. Sasa uwe hivyo." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mama yako yu hai?"

"Yu hai."

"Yuko wapi?"

"Mbozi."

"Mbozi na Tunduma ni mbali?"

Nilikuwa nimeandika makala nyingi kuhusu mama yangu. Kumwona mwenyewe, sikuwa nimemwona tangu mavuno ya kahawa ya mwaka uliotangulia.

Maksai hakufufuka. Jophrey alipiga simu akaomba mzigo wake upewe dereva mwingine, akabaki kulima kwa jembe la mkono. Nami nilibaki siku mbili. Mikono iliyozoea kubonyeza ilitoka malengelenge asubuhi ya kwanza, na watoto wa jirani walikuwa wanakuja kunitazama nikilima kama watu wanaotazama sarakasi. Siku ya tatu nikapita Mbozi kwa mama yangu. Aliponiona na mikono imefungwa vitambaa aliuliza kama nimefukuzwa kazi.

Niliporudi Tunduma niliandika masahihisho, jina kwa jina, kosa kwa kosa. Neema wangu, wakati huo yuko kidato cha nne, alisoma maoni akaniita. "Baba, watu wamekasirika kwamba hajafa." Ilikuwa kweli. Mmoja aliandika, "Nimemaliza bando langu nikilia bure." Mwingine akataka nithibitishe kwamba huyu aliye hai ndiye Jophrey halisi. Wengi hawakuisoma kabisa. Mpaka leo kuna watu pale stendi wanaomtaja Jophrey wakisema Mungu amlaze pema, naye yuko hapohapo anakunywa chai.

Kwa Bi Zubeda nilikwenda mwenyewe. Aliniacha nimalize, akavua miwani.

"Kwa hiyo hukumpigia."

"Sikumpigia."

"Na mimi ukaniambia umempigia." Akafuta miwani kwa ncha ya ushungi. "Kwa wasomaji utaomba radhi kwa maandishi. Kwangu utakuja na kila habari kabla hujaitoa, mpaka nichoke kukuona."

Alichelewa sana kuchoka. Nilirudi kwenye foleni zangu, mvua, na barabara iliyokatika. Makala za ndoa nikaacha. Mama Neema aliponiuliza kwa nini, nilimwambia sina cha kuandika. Akasema hilo ni jambo la kwanza la kweli kuhusu ndoa yetu, akanisogezea mboga, na safari hii nikaichukua.

Sasa nyie mna taa za duara na vijiti vya kushikia simu, mnaonekana uso kwa uso na watu wenu. Sina wivu. Mnapendeza. Lakini nikitazama zile video zenu za "neno la leo" naona nusu yake mmetunga mkiwa mnakula mihogo. Naijua sura hiyo. Niliivaa miaka.

Mama yake Jophrey alifariki kweli mwaka jana. Jophrey, ambaye tangu siku ile hakupitisha mwezi bila kwenda Galula, alinipigia mwenyewe. Hakunisalimu. Alisema, "Mama ametutoka. Usiandike. Njoo."

Nikaenda. Sikuandika. Nilipangiwa kumenya ndizi pamoja na baba mdogo, ambaye sasa haoni vizuri, nikawa namwekea kisu mkononi. Kabla ya kwenda makaburini akaja dada mmoja mrembo, simu juu ya kijiti, akaniomba neno moja kwa wafuatiliaji wake kuhusu marehemu.

"Unalijua jina lake?" nikamuuliza.

"Jina la nani, mzee?"

"La marehemu."

"Simjui. We ongea tu, nitaandika chini."

Nikamwambia sina neno. Akanitazama kwa huruma, akasogea kwa mzee mwingine aliyevaa koti zuri. Huyo hakuombwa mara mbili. Alizungumza dakika kumi, kwa hisia, akamaliza na wosia ambao mama alimwachia. Baba mdogo aligeuza kichwa kusikiliza ile sauti, akanigusa goti.

"Huyo anayeongea ni nani?"

"Simjui, baba. Amekuja na gari la kukodi, alikuwa anauliza choo kiko wapi."

Baba mdogo akaguna, akanyoosha mkono nimpe ndizi nyingine.